Kaunta Buku la Masijala

Kiwandani Mufindi ukungu huingia ofisini
kabla ya meneja.
Ninalo kaunta buku moja, jalada jekundu,
hulala chini ya pakiti za sampuli za chai:
tarehe, cheo, jina la askari,
alichotaka, alichopewa.

Jumanne alikuja koplo, buti zina tope la Sao Hill.
Akataka faili la Ezekia Kihwele wa mitambo.
Nikamwomba barua. Akasema barua inafuata.
Tangu masika barua zinafuata.
Meneja akaninong'oneza: "Mpe.
Ila andika kwa penseli."

Nikaandika kwa kalamu.
Namba ya simu. Kijiji. Jina la mama yake,
ambaye Ezekia alimwandikisha mrithi
siku ya kwanza ya kazi, akiona haya.

Leo amesimama dirishani, mikono ina grisi,
anauliza kama likizo yake imepita.
Natazama safu zangu tano,
nilizozipiga mwenyewe.
Hakuna ya sita,
ya kuonyesha kama mwenye faili ameambiwa.

"Bado," namjibu. "Lakini usiondoke."
Mkono unapapasa mezani,
unatafuta rula.