Kidonda cha Hilkka

Jumanne na Ijumaa, saa tatu, theluji ingali kwenye viatu,
Hilkka hupandisha mguu wa kushoto juu ya stuli
nami namfungua bendeji.
Miezi saba. Juu ya kifundo, upana wa kizibo cha soda.
"Bado kipo?" huuliza,
kama anayeulizia mpangaji asiyelipa kodi.

Napaka jeli. Baridi. Anakunja uso.
Kisha kichwa cha mashine, duara, duara,
pembezoni mwa kidonda, dakika kumi.
"Hakuna kitu," anasema.
Namwandikia ubaoni, maana masikio yake aliyaacha
kiwandani, hapa hapa Tampere,
miaka thelathini na mmoja kati ya mitambo ya kufuma:
NI SAUTI. HATA MIMI SIISIKII.

Anacheka mpaka jeli inateleza.
"Sauti ilinila masikio.
Leo inakuja kinyemela kuulipa mguu?"

Sijui nimjibu nini.
Najua chembe zilizolala hutikiswa, huamka,
hutambaa gizani kuziba pengo.
Najua pia wapo wagonjwa ambao zao hazikuamka.

Ijumaa hii rula imesoma milimita kumi na nne.
Mwezi uliopita, ishirini na mbili.
Pembeni, ngozi mpya, nyembamba, ya waridi,
kama kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mtu.
Hilkka anavaa miwani, anainama,
anakagua kama alivyokagua vitambaa.

"Uzi huu umelegea hapa,"
kidole chake kikisimama hewani, bila kugusa.
"Lakini utashika."