Kilo Sitini na Tatu

Barua imekuja Jumanne, bahasha ya kahawia,
na dada yangu Nerys hakuifungua.
Aliiegemeza kwenye birika la chai,
akaenda kuanua soksi zangu juu ya hita,
akarudi, akaitazama,
akaniambia, Soma wewe, Gethin, wewe ndiye mwenye hesabu.

Mimi ndiye mwenye hesabu. Mikono ilikataa,
miguu haikuulizwa, ulimi unakwamakwama,
lakini tarakimu hunijia mbio kama mbwa wa jirani
anayejua nani ana mkate mfukoni.
Nikasoma.

Serikali inasema: mwaka juzi, wiki ya Krismasi,
Nerys Pritchard, mpokeaji wa posho ya mlezi,
alipata kule kwenye duka la samaki na chipsi
pauni tatu na peni arobaini kupita kiwango.
Wiki hiyo. Na nyingine kumi na tisa,
kwa kuwa Bwana Tudor alimwongezea nusu saa
ya kupiga deki, naye akashukuru.
Basi posho ya wiki zote ishirini si yake tena.
Si zile pauni tatu. Yote.
Wenyewe wanaandika "malipo yaliyozidi",
neno safi, halina hata harufu ya mafuta ya samaki.

Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Sawa. Lakini nani alikopa?

Nilichukua posho nikaigawa kwa saa.
Si zile thelathini na tano zinazotakiwa na sheria,
bali anazozifanya, na zile za kulala sikio wazi.
Ikatoka sarafu ambayo mtoto wa mtaa wetu
hainami barabarani kuiokota.
Sikumwonyesha.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mimi ni kilo sitini na tatu, nimepimwa hospitalini Februari,
na winchi ya kuninyanyulia hukwama kila mvua ikinyesha,
na katika bonde hili la Welisi mvua ndiyo mwenyeji,
sisi wapangaji.
Afisa aliyetia sahihi barua hii, jina lake halisomeki,
namwalika aje anibebe toka kitandani hadi chooni
mara moja, asubuhi, kabla hajanywa chai.
Sitajilegeza makusudi. Naahidi.

Fomu ya rufaa ina visanduku.
Natumia kidole kimoja, neno moja dakika moja,
na "kwa heshima" ni mawili.
Sanduku la nne: Uhusiano wako na mlezi.
Niliandika, Ndiye aliyenifundisha matusi.
Nikafuta. Nikaandika, Ndugu.
Sanduku la tisa: Mlezi wako hupumzika lini?
Hapo kidole kilisimama hadi chai ikapoa.

Kwa maana liko jambo ambalo Nerys halijui.
Saa tisa usiku huamka kunigeuza,
ubavu wa kushoto uende kulia, nisitoke vidonda.
Hategi saa; kengele ni mimi.
Nakohoa, anakuja, nywele zimesimama,
anapiga miayo hadi naona jino lake lililong'oka,
lile ambalo pesa zake zilinunua matairi ya kiti changu.

Tangu Jumanne sikohoi.
Nalala macho, nyonga inaungua kama imelazwa juu ya kaa,
nasikia ng'ambo ya ukuta pumzi zake,
nzito, ndefu, kama mtu anayevuta kamba ya kisima.
Nahesabu. Hilo naliweza.
Saa ya kanisa ikigonga mara nne
ndipo nakohoa, kidogo tu,
kama mtu aliyeshtuka usingizini sasa hivi.

Saa hiyo moja nampa mimi.
Kila usiku. Haina kiwango, haizidi,
na sanduku la tisa nimeliacha tupu.
Serikali isijue;
watamkata.