Gari Lisilolia

Mimi magari huyasikia kabla sijayaona.
Nikiwa chini ya jingine, mgongo juu ya boksi,
nitakwambia: hilo la Singano, beringi ya mbele kushoto;
hilo la Padri Mntambo linakula oili, na yeye anajua.
Miaka ishirini na mbili Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
sikio ndilo spana yangu ya kwanza.

Jumanne nikageuka, nikaliona limesimama.
Hakuna aliyepiga hodi.
Kijivu cha njiwa aliyenyeshewa,
fupi, pana kiunoni, limechuchumaa
kama paka anayejua kuna samaki jikoni.

Akashuka Bi Nuruaini Semkiwa, mkunga wa Bombo,
saa yake bado imebanwa kifuani.
"Fundi Mhina, limeshuka melini wiki iliyopita.
Sitaki utengeneze kitu. Nataka unisikilizie."

Nikusikilizie nini?
Nikaketi. Ngozi ikapokea jasho langu bila kukunja uso;
nikaona aibu, nikatandika gazeti.
Nikabonyeza kitufe. Taa zikawaka, basi.
Mwanamke fulani ndani ya dashibodi akanisalimu Kijapani
kwa adabu ambayo sijapewa na gari wala mteja.
Kwenye ramani palikuwa peupe:
hapana Tanga, hapana Chumbageni, hapana reli,
mshale mwekundu tu katikati ya hewa,
unangoja kuambiwa uko wapi.

"Halijawaka," nikasema.
"Limewaka," akasema.
Nikaachia breki. Likaondoka.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Nikaungoja mshindo.
Mabanda ya Papa, hakuna.
Mwenye baiskeli mbele yetu, mikate tele kapuni,
hakutusikia; ikabidi tumfuate polepole,
mwendo wa mikate, hadi alipogeuka
akapiga kengele. Yeye, kutupigia sisi!

Kisha tuta la shule, lile lisilopakwa rangi:
tumbo likakwaruza.
Hapo nikalipenda kidogo.
Angalau linajua kusema aa.

Nikafungua nyuma. Gunia moja la machungwa ya Muheza;
la pili ulipakate mwenyewe.
Chini ya sakafu, nyaya nene za rangi ileile ya machungwa.
Hizo usiguse, mwanangu alinisomea kwenye simu, hizo zinaua.
Mkono wangu uliozoea kuingia popote
nikaurudisha mfukoni, kama mtoto ugenini.

"Ukikanyaga breki," akasema, "linajirudishia umeme."
Hapo, jamani, nikamwona baba
akirudi kutoka Pongwe usiku, dainamo ikisugua tairi,
taa ikipepesa kwa nguvu ya magoti yake,
na kila akisimama, giza.
Hili likisimama ndipo linaposhiba.
Mzee angecheka. Angeuliza bei. Asingecheka tena.

Nikamrudishia ufunguo, ambao si ufunguo,
ni kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.
"Sikusikia kitu," nikakiri.
"Siwezi kukwambia kama ni zima."

Akaitazama saa yake, sijui kwa nini.
"Wapo watoto wanaotoka bila kulia.
Chumba kizima kinaogopa, mpaka baba mlangoni.
Mimi hushika nyayo tu, namtazama machoni.
Mwingine hana tatizo lolote.
Ameamka, anaangalia alikofikia."

Akarudi kinyumenyume kuingia barabarani.
Wanangu wa gereji wakaacha nyundo.
Nikatega sikio:
kokoto chini ya tairi,
kokoto tu,
hadi kona ya kumi na nne.