Usimguse Kwanza

Mwajabu aliteleza kwenye povu la sabuni, hapa hapa uani, Makorora,
mguu ukafungwa plasta hadi gotini.
Wiki ya tatu sasa yu kitandani, dirisha limeelekea jikoni,
na mimi, fundi wa kuchomelea karakana ya reli,
miaka thelathini nikiyeyusha vyuma,
nikajisemea: samaki ni nini?

Changu wa kwanza alikula paka.
Upande mmoja mkaa, upande mmoja mbichi,
ngozi imeganda wavuni kama bango lililobanduliwa ukutani.
Mabaki nikayafukia chini ya maganda ya ndizi, kimya.
Sauti ikatoka dirishani:
"Umeunguza."
"Nani kakwambia?"
"Pua yangu haijafungwa plasta."

Basi ndiyo nimeanza shule, na uzee huu.

Mfute, anasema. Mfute mpaka akauke.
Samaki aliyelowa hachomeki, anachemka.
Ile kanga kuukuu, iliyofutika jina, ndiyo taulo lake.
Mchanje mara tatu kila ubavu, kisu kigonge mfupa,
kisha shindilia kwa kidole: thomu, tangawizi, pilipili, chumvi.
Ndimu ngoja.
Ukiitia mapema nyama inapauka, inavurugika,
utamla kwa kijiko kama mgonjwa.
"Na mgonjwa humu ndani ni mmoja, anatosha."

Vifuu chini, makaa juu.
Usipepee kana kwamba mna ugomvi.
Moto wenye ndimi ni moto wa hasira, hauna subira na mtu;
ngoja makaa yavae jivu,
kama mwali aliyejipaka poda akitoka kuoga.
Yasukume mengi kushoto, machache yabaki kulia:
kushoto pa kumbabua, kulia pa kumwivisha.
Halafu tandaza kiganja juu ya wavu, uhesabu.
Mkono ukikimbia kwenye mbili, ngoja.
Ukikimbia kwenye nne, ndipo.
Ukifika kumi, hapo unasoma hesabu tu, ongeza makaa.

(Kiganja changu kina sugu za karakana.
Nilifika saba.
Akaniambia nitumie mkono wa kushoto.)

Wavu upate moto mtupu kwanza,
uusugue kwa nusu kitunguu kilichochovywa mafuta,
umlaze samaki mara moja, bila kumsogeza sogeza.
"Sasa, mume wangu, usimguse."

Hapo ndipo penye kazi.
Chuma hakikuniambia kamwe nikiache.
Mikono inawasha. Nikanyoosha koleo, taratibu.
"Nimesema usimguse!"
"Sijamgusa!"
"Nimesikia koleo."

Sikiliza, anasema, sauti imeshuka.
Sasa hivi analia chwaa, chwaa, hayo ni maji yanatoka.
Akianza ti, ti, ti, kavukavu,
mtie koleo chini ya mkia, umjaribu.
Samaki hung'ang'ania wavu akiwa hajawa tayari.
Akiwa tayari, huaga.

Nikangoja.
Jirani, Mzee Shekalaghe, alipita na baiskeli,
akanikuta nimeinamisha sikio juu ya jiko,
akapita zake bila salamu.

Ti. Ti, ti.
Nikageuza. Ngozi ikaja yote, rangi ya shaba.
Nikamhamishia kulia,
nikachukua brashi ya nyuzi za mkonge aliyoifunga mwenyewe,
nikapaka tui zito lililochemshwa na ukwaju.
Tui ni la mwisho, ameniapisha,
likitangulia huungua na samaki bado mbichi.
Paka, geuza, paka. Toa. Mwache apumzike kidogo sahanini.
Ndimu sasa.

Dirishani kimya. Nikadhani amelala.
Nikampelekea hivyo hivyo, sahani inafuka.
Akaanza na shavu, kama kawaida yake,
akatafuna kwa muda mrefu, akitazama dari.
"Chumvi," akasema.
Akanyofoa tena.