Swali la Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyelitunga.
Usiku, kule Santa Cruz, tambarare penye joto,
feni ikikoroga hewa nzito kama uji,
niliandika:
*Mama anachemsha maji safi katika sufuria iliyo wazi.
Yakitokota, kipimajoto kitasoma nyuzi ngapi?*
Hamsini. Themanini. Mia. Mia na ishirini.
Matatu ya kutega, moja la kuokoa.
Nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha kulipwa.

Rahisi, nilisema. La kuwachangamsha tu.
Kando nikatia kwa penseli: *tisa kati ya kumi watapata.*

Shule moja ya El Alto walipata wanne. Darasa zima.
Nikatumwa kupanda nikaulize kulikoni.

Ukitaka kujua kimo cha nchi, kipande na mapafu ya bondeni:
ngazi kumi tu, na moyo unabisha hodi kooni.
Mwalimu Hilarión Ticona alinipa chai ya majani ya koka,
kisha bunda la karatasi.
"Usisome majibu," alisema. "Soma kingo."

Nikasoma kingo.
Rufino Apaza kachagua mia, kaifuta, kairudia, kaifuta,
hata karatasi ikatoboka pale penye shaka.
Mwingine, anayeota kwa Kiaymara na kutahiniwa kwa Kihispania,
kaizungushia duara *kitasoma*:
*Kumbe kipimajoto nacho kilipelekwa shule?*
Wengi waliangukia themanini, mtego wangu,
kwa kuwa ndio uliokaribia jiko lao.

Na Sabina Calisaya, miaka kumi na minne,
hakuchagua kitu.
Aliandika kwa herufi za kubania wino:
*Jikoni kwetu, au jikoni kwenu?*

Jioni tukaenda kwao.
Nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, mtungi wa gesi,
viazi vidogo vyeusi vikingoja zamu yao.
Kipimajoto cha shule tulikining'iniza kwa uzi wa sufi.
Mama yake akawasha.
Maji yakaanza kunong'ona, yakabishana, yakapiga kelele;
zebaki ikapanda hadi themanini na sita,
ikakaa.
Nikaongeza moto. Ikakaa.
Mama akasema neno, hakugeuka.
"Anauliza kama unaisubiri mia," Sabina akatafsiri.
"Anasema utaisubiri mpaka gesi iishe."

Nikamwuliza kwa nini hakuandika tu kile tulichotaka.
"Mia naijua," alisema, akimenya kiazi.
"Iko kwenye kitabu, ukurasa wa arobaini. Naijua.
Lakini swali lilisema mama,
na mimi nina mama mmoja."

Sayansi ilikuwa jepesi kati ya mizigo niliyowatwika.
Mzito ulikuwa mimi:
jiko langu nililoliita jiko,
feni yangu nyuma ya kila neno,
na mtoto akikisia, dakika moja na nusu, nilikaa wapi nilipoandika.

Sasa nimerudi mezani. Nalitengeneza.
Nimeongeza: *katika usawa wa bahari.*
Nikajiona fundi.
Halafu nikakumbuka kuwa nchi yetu haina bahari,
na Sabina ataniuliza ukingoni
ni bahari ya nani.

Nimefuta. Nimeandika. Nimefuta.
Karatasi yangu nayo
imeanza kutoboka.