Kulungu wa Bibi Etelka

Alikileta kichwa kimeviringishwa shuka la maua,
kwenye kiti cha mbele cha teksi, kimefungwa mkanda,
pembe zimetokea dirishani.
Dereva alimtoza nauli ya watu wawili.

Ilikuwa Februari, Zala nzima chini ya theluji,
nami nina miezi mitano karakanani kwa Dezső,
miezi mitano ya kukwangua mafuta kwenye ngozi,
ya chumvi kucha, ya kunuka kwato hata Jumapili,
mpaka mchumba wangu akahamia upande wa pili wa meza.

Dezső hakugusa. Yeye hutazama kwanza,
humzunguka mnyama kama mtu anayenunua farasi.
Akasema: Nondo. Wameanzia sikio la kushoto.
Akasema: Hiki kilitundikwa juu ya meko.
Bibi akainama, mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.
"Miaka arobaini. Imre alitaka kila aingiaye akione."

Imre, nani hakumjua?
Kila harusi, kila siku ya kuchinja nguruwe,
chupa ya pili haijafika nusu
mkono wake uko hewani, umeshika bunduki isiyokuwepo:
hatua mia tatu, ukungu, upepo wa ubavuni,
risasi moja. Moja!
Hatua zilizidi mwaka hadi mwaka.
Tulipomzika zilikuwa mia tano na ushee.

Tukakigandisha wiki mbili, baridi iue mayai ya nondo,
kisha nikapewa pembe. Kazi ya mwanagenzi:
kitambaa, spiriti, subira.
Matawi kumi na manne. Kahawia ikatoka,
si ajabu, pembe nyingi hupakwa rangi.
Ila chini ya kahawia kukachomoza buluu.
Buluu ya maziwa yaliyoenguliwa,
buluu ya vile vigari vya plastiki vya zamani
vilivyokohoa moshi kila kona ya nchi hii.

Nikamwita Dezső. Akavaa miwani,
akapapasa shingo kinyume cha singa,
akitafuta tundu la risasi
kama mtu atafutaye ufunguo gizani.
Hakuna.
Begani, mshono mrefu wa uzi wa katani,
vidonda vya sindano vidogo, safi,
vya mkono ulioapa kunyamaza.
"Mkono huu naujua," alisema. "Ni wa baba."
Hakuongeza neno mpaka chakula cha mchana.

Mjane aambiwe nini? Mfu hajitetei.
Mimi nilisema tupake kahawia, yaishe.
Dezső alisema fundi hutengeneza mnyama, hatengenezi mtu.
Tukabishana, nami nina haki ya kubishana
sawa na ya ufagio.

Ijumaa akaja na keki ya jozi.
Akaiona pembe mezani, na ule mkwaruzo wa buluu
mrefu kama kidole.
Akacheka. Akacheka hadi akashika meza.
"Nilikuwa nimekaa mbele," alisema.
"Mayai sitini mapajani, ya sokoni.
Imre alikuwa anaimba, hakuona kitu.
Mimi ndiye niliyemwona. Sikusema.
Alikuwa mzuri mno, nikasahau kwamba tunakwenda."

Akaigusa pua tuliyoipaka nta upya,
akaondoa kidole upesi, kana kwamba ina joto.

Dezső, ambaye hajui la kufanya mbele ya machozi,
akaanza maagizo:
Usimrudishe juu ya meko, joto hupasua ngozi.
Wala dirishani, jua hunywa rangi.
Brashi laini, kwa mlalo wa singa, mara moja kwa mwezi.
Macho, kitambaa chenye unyevu kidogo tu.
Na pembe, kesho kijana ataipaka—

"Pembe iacheni."

Teksi ilikuwa ileile.
Safari hii kulungu alimlaza nyuma, juu ya shuka.
Yeye akakaa mbele, akafunga mkanda,
macho barabarani.