Safu ya Tatu

Ukumbi wa shule, Kizota. Feni moja inazunguka,
ya pili ilikufa tangu mzunguko wa kwanza.
Meza zote zimekunjwa isipokuwa yetu.
Mtoto wa kidato cha pili kutoka Kongwa, Chilewa,
ana mfalme, ngome na askari mmoja.
Mimi nina mfalme na ngome.
Na dakika nne.

Askari mwenyewe ni kisoda cha bluu;
yule wa mbao alipotea mashindano ya mwaka juzi.

Watazamaji wamekwisha kunizika.
Katibu ananong'ona habari za basi la saa kumi na moja.
Wanahesabu vipande
kama mtu anayehesabu mabati
akadhani ameijua nyumba.

Mimi ni mpima viwanja.
Miaka kumi na saba nimevuta kamba Nala, Iyumbu, Ihumwa,
nimepanda bikoni kwenye udongo mwekundu
unaoingia mpaka ndani ya chupa ya chai.
Mstari ulionyooka naujua:
mbuzi hawauheshimu, wala mashemeji.
Ndiyo maana niliipenda ngome kabla ya wenzake.
Farasi anaruka ua. Askofu anakatiza
katikati ya viwanja vya watu.
Ngome inafuata mpaka hadi mwisho wa mpaka,
ikikutana na jiwe, inasimama.

Safu ya tatu kutoka kwangu: hapo nimeiweka.
Mfalme wake hawezi kuivuka.
Naisogeza kushoto. Anafikiri.
Naisogeza kulia. Anafikiri.
Kushoto tena.
Hakuna ninachofanya,
na ninakifanya kwa uangalifu mkubwa.

Haya nilijifunza kwa meseji.
Mhembano, karani wa stesheni, Manyoni,
mtu ambaye sikuwahi kumwona uso.
Hatua moja kwa siku, wakati mwingine moja kwa wiki:
*Ng a6. Umeme umekatika. Nimekula mlenda.*
*Ng b6. Treni ya mizigo imechelewa, na mimi pia.*
Nilipokimbia safu ya tatu alinifunga,
akaandika: *Haraka ya nini? Kiwanja ni chako.*
Nilikimbia mara sita. Alinifunga mara sita.
Mchezo wa saba uko katikati hadi leo.
Mwezi wa pili aliandika neno moja, *Nafikiria*,
kisha namba ikawa haipatikani.

Sekunde hamsini.
Chilewa anatazama mlango, anamtazama mwalimu wake,
anakitazama kisoda.
Namjua. Nimewahi kuwa yeye:
mkono unawasha, na ushindi
uko karibu kiasi cha kunusa.
Anasukuma. Hatua moja tu.

Sasa.
Ngome yangu inaondoka safu ya tatu,
inateremka ubao mzima, inatokea nyuma yake.
Cheki.
Mfalme anageuka kutafuta kivuli.
Kivuli kilikuwa kimoja, pale mbele,
na kisoda kimekwisha kukikalia.
Cheki. Anasogea. Cheki. Anarudi.
Juani, peupe, kama mtu aliyefika kiwanjani kwake
akakuta jirani ameshapaua.

Ananyoosha mkono. Kiganja kimelowa.
Sare. Nusu pointi. Nafasi ya tisa mimi, ya pili yeye.
"Uliijua tangu lini?"
"Tangu Manyoni."
"Manyoni kuna klabu?"
"Kulikuwa na mtu mmoja."
Anatikisa kichwa, anakusanya vipande,
kisoda anakitia mfukoni kwa bahati mbaya.
Simwambii.

Nje, upepo umebeba vumbi la Kizota na harufu ya chipsi.
Naketi kwenye ngazi, nafungua simu.
Juu kabisa bado kuna *Nafikiria*.
Naandika chini yake:
*Leo sikukimbia.*
Naituma. Haiendi.
Naiacha hapo, na alama yake nyekundu,
kama bikoni kwenye kiwanja
ambacho mwenyewe hajaja kukiona.
Zamu ni yake.